Mbiyu Koinange na chuo cha Githunguri: shule ambazo wazazi walizijenga wenyewe

Aliporudi Kenya mwaka 1938 akiwa na shahada za Marekani, Mbiyu Koinange alikataa kazi ya serikali ya kikoloni na kuanzisha chuo cha ualimu kwa michango ya wanakijiji wa Kiambu. Chuo hicho kilidumu kwa takriban miaka 14. Swali kilichojaribu kulijibu, yaani nani mwenye shule na nani mwenye haki ya kuiongoza, lingali likiulizwa kila kamati ya wazazi inapokutana, toka Kiambu hadi Busia na Tororo mpakani mwa Kenya na Uganda.

Peter Mbiyu Koinange alizaliwa mwaka 1907 huko Njunu, Kiambu. Baba yake, Koinange wa Mbiyu, alikuwa chifu aliyeteuliwa na serikali ya kikoloni, na baadaye akapandishwa kuwa chifu mkuu. Hata hivyo alikuwa mwiba kwa serikali hiyo hiyo. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Ezekiel Apindi kutoka Nyanza na James Mutua kutoka Ukambani, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Uingereza. Tume ya ardhi ilipokuja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, alifukua mifupa ya babu yake kuthibitisha kwamba ardhi waliyokuwa wamechukua walowezi ilikuwa ya ukoo wake. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kwamba mwanawe apate elimu yote inayoweza kupatikana.

Mbiyu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa shule ya Alliance huko Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926. Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Hampton, Virginia, katika taasisi iliyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, ambako mwanafunzi alishika kitabu asubuhi na nyundo au jembe alasiri. Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, kisha Columbia mjini New York, na hatimaye akasoma Cambridge na London. Anatajwa kuwa Mkenya Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya uzamili. Alikaa nje zaidi ya miaka kumi, na katika kipindi hicho nchi aliyoiacha ilikuwa imebadilika.

Mgogoro wa mwaka 1929

Kilichobadilika zaidi ni shule. Mwaka 1929 Kanisa la Skotlandi, African Inland Mission na baadhi ya wamisionari wengine waliwataka waumini na walimu wao katika nchi ya Wagikuyu waikane tohara ya wasichana, la sivyo waondoke. Maelfu waliondoka, na watoto wao wakafuata. Wanahistoria wanakubaliana kwamba tohara ilikuwa cheche tu. Kuni zilikwisha kurundikwa zamani: ardhi iliyotwaliwa, kodi, na malalamiko kwamba shule za misheni zilitoa elimu finyu na kuchelewesha Kiingereza. Kabla ya mgogoro huo tayari kulikuwa na wazazi waliojaribu kuwa na shule zao wenyewe.

Hapa ndipo uongozi wa shule hizo ulipogawanyika. Kundi moja, Chama cha Shule Huru za Wagikuyu kilichojulikana kwa kifupi kama KISA, chini ya Johana Kunyiha, lilikuwa tayari kuzungumza na idara ya elimu, kufuata mtaala wa serikali na kupokea wakaguzi wake, mradi shule zibaki mikononi mwa wazazi. Kundi la pili, Karing'a, lenye nguvu zaidi Kiambu, liliuona ukaguzi kuwa mlango wa nyuma wa kurudishia utawala uliofukuzwa kupitia mlango wa mbele. Pande zote mbili zilikuwa na hoja nzito. Shule isiyokaguliwa haikuwa na namna ya kuwafikisha watoto wake kwenye mitihani iliyotambuliwa, ilhali shule iliyokaguliwa na serikali ile ingeweza kufungwa na serikali ile ile.

Makundi yote mawili yalikuwa na upungufu mmoja ambao siasa haikuweza kuuziba. Hayakuwa na walimu. Mafunzo ya ualimu yalikuwa mikononi mwa misheni. Vijana waliofundisha katika shule huru wengi walikuwa wamefika madarasa machache tu juu ya wanafunzi wao, na mshahara wao ulitegemea mavuno ya msimu.

Michango ya rika

Mbiyu alirejea mwaka 1938. Serikali ilimpa nafasi ya kazi kwa masharti yaliyokuwa chini ya yale ya Mzungu mwenye elimu kama yake, naye akakataa. Badala yake baba na mwana waliwaita viongozi wa shule huru na kuwapa pendekezo moja: kabla ya kuongeza shule, wajenge chuo cha kuwafundisha walimu. Tarehe 7 Januari 1939 chuo kilifunguliwa Githunguri, Mbiyu akiwa mkuu wake. Kiliitwa Chuo cha Ualimu cha Kenya. Jina hilo halikulitaja kabila wala dhehebu, jambo la ujasiri kwa taasisi iliyoanzia kwenye ugomvi wa kanisa katika jamii moja.

Namna fedha zilivyopatikana ndiyo sehemu ya maisha yake inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kwa desturi ya Wagikuyu, waliotahiriwa msimu mmoja ni rika moja hadi kufa, na hakuna rika linalopenda kushindwa na rika jingine. Uchangishaji ukapitia humo humo. Kila rika lilitajwa kwa jina lake, likatoa fungu lake, na hesabu ikasomwa hadharani. Wazee waliokuwa hawajui kusoma wakashindana kujenga madarasa. Wanawake nao walijipanga wenyewe na kuchangia bweni la wasichana, katika enzi ambayo wazazi wengi waliona karo ya binti ni fedha iliyotupwa. Mbiyu mwenyewe aliandika habari hizi baadaye, katika kitabu chake kuhusu watu wa Kenya kilichochapishwa Marekani mwaka 1955.

Mtu aliyesoma Columbia angeweza kuja na mpango wa kamati na fomu. Aliona badala yake kwamba watu tayari walikuwa na chombo cha kukusanya nguvu zao, na kwamba mtoaji anayetajwa mbele ya wenzake hawezi tena kuiita shule mali ya mtu mwingine. Darasani lakini alileta mengi kutoka Hampton: kilimo na kazi za mikono vilikwenda pamoja na Kiingereza na hesabu.

Nje ya Kiambu, jitihada za aina hii zilichukua sura nyingine. Huko Nyanza, John Owalo alikuwa amekwisha kujitenga na misheni mapema zaidi na kuasisi Nomiya, kanisa lililotaka pia shule zake. Nchini Uganda, Ernest Kalibala, aliyesoma Marekani kama Mbiyu, alianzisha shule ya kumbukumbu ya Aggrey katika miaka ya 1930. Lakini mpakani, kutoka Busia hadi Tororo, wazazi wengi waliendelea kuwapeleka watoto katika shule za Waanglikana na za wamisionari wa Mill Hill. Mtafiti John Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu mapambano ya kupata shule nchini Kenya, aliziweka shule huru za Wagikuyu ndani ya picha hiyo pana: wanakijiji wa sehemu nyingi walidai elimu kabla serikali haijawaza kuwapa, na kilichotofautiana ni njia tu.

Chuo chazidiwa na kazi zake

Githunguri haikuwa hadithi ya mafanikio matupu. Waliofika mlangoni walikuwa watoto na vijana wa kila kiwango, wengi wakiwa hawajafikia elimu ya kumwezesha mtu kujifunza ualimu. Chuo kikalazimika kuwafundisha kwanza masomo ya msingi, kisha ya sekondari, na taratibu kazi ya kuwaandaa walimu ikabanwa na umati wa wanafunzi wa kawaida. Fedha za rika zilikuja kwa wimbi na kupwa kwa wimbi. Majengo yalisimama haraka kwa sababu yalionekana, lakini mshahara wa mwalimu wa kila mwezi hauna sherehe ya ufunguzi. Huo ulikuwa udhaifu wa mfumo wenyewe, na Mbiyu hakuupatia dawa.

Udhaifu mwingine ulikuwa wa uongozi. Chuo kilizungukwa na familia moja. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, alijiunga nacho, akamwoa Grace Wanjiku, dada yake Mbiyu, na mwaka 1947 akashika ukuu wa chuo. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha KAU. Jina lake lilivuta watu na michango, lakini kuanzia hapo ilikuwa vigumu kusema chuo kiliishia wapi na siasa ilianzia wapi. Shule iliyohitaji mkuu wa kukaa ofisini na kuhesabu chaki ilimpata mkuu ambaye nchi nzima ilimtaka jukwaani.

Wakati huo serikali ilikuwa ikiikaza kamba. Ripoti ya mwaka 1949 ya kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher ilipendekeza mchujo mkali kwa watoto wa Kiafrika baada ya miaka minne ya kwanza ya shule, pamoja na usimamizi wa karibu zaidi. Shule huru ziliipinga.

Novemba 1952

Mwaka 1951 Mbiyu na Achieng Oneko walitumwa na KAU kwenda Uingereza kupeleka madai ya ardhi. Mbiyu alikuwa bado huko wakati Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952. Baba yake alikamatwa kuhusiana na mauaji ya Chifu Mkuu Waruhiu. Mahakama ikamwona hana hatia, lakini serikali ikamweka kizuizini hata hivyo. Mwezi Novemba chuo cha Githunguri kilifungwa, pamoja na shule nyingi huru. Baadhi ziliruhusiwa kufunguliwa tena, kwa sharti la kuwa chini ya misheni au bodi za elimu za wilaya. Watoto ambao wazazi wao walikataa sharti hilo, au waliokuwa katika maeneo yaliyovurugwa na vita, walikosa masomo, na kwa wengi wao miaka hiyo haikurudi.

Ripoti rasmi ya F. D. Corfield ya mwaka 1960 ilizilaumu shule huru kwa kulea uasi wa Mau Mau. Miaka sita baadaye Carl Rosberg na John Nottingham walilipinga simulizi hilo, wakionesha kwamba chanzo cha uasi kilikuwa ardhi na kunyimwa sauti ya kisiasa. Mjadala huo haujaisha miongoni mwa wasomi. Lililo wazi ni kwamba serikali ilizifunga shule kwa wingi bila kumpima kila mwalimu, na hofu ya Karing'a ya miaka ya 1930 ikatimia hata kwa wale wa KISA waliokuwa wamekubali kukaguliwa.

Mbiyu hakuweza kurudi nyumbani kwa miaka mingi. Alikaa London, kisha Ghana ya Kwame Nkrumah. Januari 1960, wajumbe wa Kiafrika walipotaka awe mshauri wao katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, Waingereza walikataa na mkutano ukakwama kwa siku kadhaa. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa ajabu: kitambulisho kisicho na jina, kilichomruhusu kuingia katika jengo bila kuingia katika chumba cha mkutano. Baba yake alifariki mwaka huo huo.

Mwalimu akawa waziri

Baada ya uhuru Mbiyu aliliwakilisha jimbo la Kiambaa bungeni, na mwishoni mwa mwaka 1964 akawa Waziri wa Elimu, akimrithi Joseph Otiende wa Vihiga. Mezani alikuta ripoti ya tume ya Simeon Ominde, iliyotaka mfumo mmoja wa elimu wa taifa, usio na shule za rangi. Ilimbidi basi aliyekuwa mkuu wa chuo cha wananchi asimamie kazi ya kuunganisha kila shule chini ya serikali. Hakuzirudisha shule huru katika hali yake ya zamani. Mwaka 1966 alihamia Ofisi ya Rais akiwa Waziri wa Nchi, na miaka miwili baadaye sheria mpya ya elimu ikayafanya makanisa kuwa wafadhili tu wa shule yalizokuwa yakizimiliki.

Vijijini, hata hivyo, wazazi waliendelea kuchangishana. Shule za sekondari za harambee ziliongezeka kwa kasi hadi zikazipita kwa idadi zile za serikali, na zikarithi shida zile zile za Githunguri: madarasa yaliyosimama upesi na walimu wasio na mafunzo.

Jina la Mbiyu lilizidi kuhusishwa na mamlaka ya Ikulu kuliko na elimu. Alibaki karibu na Kenyatta hadi kifo cha rais huyo mwaka 1978. Katika uchaguzi wa mwaka 1979 wapiga kura wa Kiambaa, watoto na wajukuu wa marika yaliyoijenga Githunguri, walimchagua Njenga Karume badala yake. Mbiyu Koinange alifariki Septemba 3, 1981.