Kepler: njia iliyobonyea haikumtoa kwa Mungu

Ndugu msomaji, ukiutazama mwezi usiku wa leo, umkumbuke Johannes Kepler.

Alizaliwa mwaka 1571 huko Weil der Stadt, Ujerumani. Ndui ya utotoni ilimwachia macho dhaifu. Alisoma Tübingen akitaka kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594, kabla hajamaliza, alipelekwa Graz kufundisha hisabati. Ilimuuma, hata baadaye akatambua kwamba kwa nyota pia angeweza kumtukuza Mungu.

Mwaka 1600 alifukuzwa Graz kwa kukataa kuacha imani yake ya Kilutheri. Akaenda Prague kwa Tycho Brahe, aliyekuwa na vipimo bora vya sayari ya Mirihi. Tangu enzi za Wagiriki, wataalamu waliamini kuwa mizunguko ya angani ni duara kamili. Hesabu za Kepler zilipishana na vipimo kwa dakika 8 tu za nyuzi, kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Hakuzificha. Aliiacha kazi ile, akaanza upya. Mwaka 1609 alitangaza kwamba Mirihi hufuata duaradufu: ikilikaribia jua huenda mbio, ikiwa mbali hupunguza mwendo.

Huko Linz, mwaka 1612, mchungaji alimnyima Meza ya Bwana kwa sababu hakukubali kila neno la ungamo la kanisa lake. Hakutia sahihi kwa unafiki, wala hakuhama. Mama yake akashtakiwa kwa uchawi. Alimtetea hadi akaachiwa huru mwaka 1621.

Katikati ya misukosuko hiyo, mwaka 1619, alichapisha kanuni inayounganisha umbali wa sayari na muda wake wa kuzunguka. Miezi ya Mshtarii nayo huitii. Hata mwezi wetu, ulipokuwa bado mchanga, ulikuwa karibu zaidi na dunia na uliizunguka kwa muda mfupi zaidi. Sasa husogea mbali kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka, na bado dunia imeushika.

Kepler alifariki Regensburg mwaka 1630, akifuatilia fedha alizokuwa akidai. Kaburi lake lilipotea vitani.

Mpendwa, labda nawe umeumizwa ndani ya kanisa lako. Usidhani kuwa mbali kidogo ni kupotea. Je, unazo dakika 8 unazozificha? Zitoe leo mbele za Mungu.

Jumapili njema.