Lyndon Johnson: Mshika Mbili wa Ikulu ya Marekani

Lyndon Baines Johnson alizaliwa tarehe 27 Agosti 1908 karibu na Stonewall, jimboni Texas, katika eneo la vilima lenye ardhi kavu na mvua isiyoaminika. Babaye alikuwa mbunge wa jimbo, lakini kilimo kilimfilisi, na familia ikaonja ufukara baada ya kuonja heshima. Anayetaka kumwelewa Rais huyu wa 36 wa Marekani na aanzie hapo. Mwaka wa 1928, kabla hajahitimu chuo cha ualimu cha San Marcos, alikwenda kufundisha mjini Cotulla, katika shule ya watoto wenye asili ya Meksiko. Aghalabu watoto hao walifika darasani na njaa. Hakuwasahau.

Safari yake ya kisiasa tuipitie upesi. Aliingia Bunge la Wawakilishi mwaka wa 1937, akawapigania wakulima wa kwao hadi wakapata umeme. Mwaka wa 1948 alishinda uteuzi wa chama cha Democratic kuwania useneta kwa kura 87 pekee, ushindi ambao tuhuma za wizi wa kura hazijauachilia hadi leo. Kufikia mwaka wa 1955 alikuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti, na stadi asiye na kifani wa kuwabembeleza na kuwatisha wenzake. Aliapishwa kuwa Rais ndani ya ndege tarehe 22 Novemba 1963, saa chache baada ya John Kennedy kuuawa mjini Dallas.

Mwanzo wake ulistaajabisha. Mnamo Januari 1964 alitangaza vita dhidi ya umaskini. Februari akatia saini sheria ya kupunguza kodi. Julai akaidhinisha Sheria ya Haki za Kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika hoteli, mikahawa na ajira. Novemba wapiga kura walimrejesha Ikulu kwa zaidi ya asilimia 61 ya kura. Uchumi ulikuwa ukinawiri, na mwanzoni mwa mwaka wa 1966 ukosefu wa ajira ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 4.

Ila kulikuwa na Vietnam. Alirithi huko wanajeshi wapatao 16,000, waliopelekwa kama washauri. Hakutaka kuitwa Rais aliyeikabidhi nchi nyingine kwa Wakomunisti, na hakutaka vita vimeze ndoto yake ya kuwainua maskini. Wiki moja ya mwaka wa 1965 yatosha kuyaonyesha haya. Tarehe 28 Julai alitangaza kwamba majeshi yangeongezwa kutoka 75,000 hadi 125,000. Alilisema hilo katika mkutano wa adhuhuri na waandishi wa habari, wala si kwa hotuba ya usiku ambapo taifa zima lingekuwa mbele ya runinga. Hakuita askari wa akiba. Hakuomba kodi. Siku mbili baadaye, tarehe 30 Julai, alisafiri hadi Independence, Missouri, akaketi kando ya mzee Harry Truman na kutia saini sheria ya bima ya afya ya wazee.

Wanauchumi huliita suala hili bunduki na siagi. Sisi pengine tungesema mikuki na unga. Kwa maoni yangu, kosa la Johnson halikuwa kuyataka yote mawili, maadamu Marekani ya wakati huo ilikuwa na utajiri wa kuyabeba. Kosa lilikuwa kuificha bei. Alihofia kwamba angeomba kodi ya vita, wahafidhina Bungeni wangedai kwanza mipango ya maskini ifyekwe. Hofu hiyo haikuwa ya bure, lakini vita vilikwisha anza kudai malipo. Viwanda vilikuwa vikizalisha karibu na upeo wa uwezo wake. Oda za jeshi zikazidi kuvilemea, na bei zikapanda. Mshauri wake wa uchumi, Gardner Ackley, alimsihi apandishe kodi. Desemba 1965 Benki Kuu chini ya William McChesney Martin ilipandisha riba kutoka asilimia 4 hadi 4.5, naye Johnson akamwita Martin shambani kwake Texas na kumkaripia.

Alipoomba kodi ya ziada mwaka wa 1967, aliyoyahofia yalimfika. Wilbur Mills, mwenyekiti wa kamati ya kodi Bungeni, aliishikilia hadi Juni 1968, ikapita pamoja na sharti la kupunguza matumizi kwa dola bilioni 6. Mfumko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 4. Machi mwaka huo wenye dola walikimbilia dhahabu kwa wingi, hata soko la dhahabu la London likafungwa kwa wiki mbili. Vietnam nako kulikuwa na Wamarekani zaidi ya 500,000, na mashambulizi ya Tet ya Januari 1968 yalikuwa yamewaondolea wananchi imani kwamba ushindi ulikaribia.

Tarehe 31 Machi 1968 alitangaza kwamba hangewania tena urais. Alirejea shambani Texas, akafariki huko kwa maradhi ya moyo tarehe 22 Januari 1973. Siku tano baadaye, mkataba wa kusitisha vita vya Vietnam ulitiwa saini mjini Paris.