Vito Volterra: Kutoka Maputo ya Vita Hadi Hesabu za Samaki

Hesabu nilizozikimbia hapo shuleni zilinikamata chuo kikuu, nilipokutana na jina la Vito Volterra. Alizaliwa Ancona, Italia, mwaka 1860. Baba yake akafariki yeye angali mdogo. Akawa profesa wa hesabu na mekanika. Mwaka 1915, akiwa na miaka 55, alijitolea jeshini katika kikosi cha wahandisi, akashauri maputo yenye injini yajazwe heli badala ya haidrojeni inayowaka.

Baada ya vita mkwewe, Umberto D'Ancona, alimletea fumbo. Katika soko la Fiume, papa na jamaa zao walikuwa kama asilimia 12 ya samaki mwaka 1914. Mwaka 1918, asilimia 36, ilhali uvuvi ulikuwa umepungua. Mwaka 1926 Volterra alijibu kwa milinganyo: uvuvi ukipungua, walao wenzao huongezeka kuliko waliwao.

Mwaka 1931 maprofesa kama 1,200 walidaiwa kiapo cha utii kwa Mafashisti. Wachache walikataa, kama 12 tu, naye akiwamo, akapoteza kazi. Alifariki Roma mwaka 1940.

Mimi mtumishi wa serikali humkumbuka kila nitiapo sahihi. Wadogo zangu mlioko madarasani, jifunzeni hesabu zake. Sisi kaka zenu tujifunze moyo wake.