Al-Khwarizmi: Bingwa wa Hesabu za Duka na Mirathi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo, likiwa hesabu zake hazikusimama sawa, huweza kumdhulumu mtu kwa wino. Jambo hilo alilifahamu vyema mwanachuoni mmoja aliyeishi Baghdad miaka elfu moja na mia mbili hivi iliyopita, naye ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi.

Jina lake hutajwa pamoja na aljebra, ile hesabu iwatoayo jasho watoto wetu madarasani. Aghalabu mtoto hudhani kuwa hiyo ni elimu ya herufi tupu, haina faida sokoni wala nyumbani. Waama, asili yake si hivyo.

Al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Nisba yake yatokana na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral, ambayo leo imo katika Uzbekistan na Turkmenistan. Alifanya kazi Baghdad, miongoni mwa wanazuoni wa Baitul-Hikma, zama za Khalifa Al-Ma'mun aliyetawala tangu 813 hata 833. Khalifa huyo alikuwa mpenzi wa elimu, na ndiye aliyemhimiza atunge kitabu kifupi cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala.

Katika dibaji alieleza kuwa amekusudia yale mepesi ambayo watu huyahitaji daima: mirathi, wasia, mgawanyo, mashtaka, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Hakuandika x wala y. Kila jambo alilieleza kwa maneno, hata idadi zenyewe. Ile isiyojulikana aliiita shay, yaani kitu, na mraba wake akauita mal, neno lile lile ambalo kwetu ni mali. Al-jabr ni kukirudisha kilichopunguzwa, mfano wa mganga aungaye mfupa. Al-muqabala ni kuzikabilisha pande mbili na kuondoa kilicho sawa.

Katika mlango wa biashara alionyesha kuwa kununua, kuuza na kuajiri kote kwasimama juu ya idadi nne: kipimo, bei yake, kiasi atakacho mtu, na fedha za kiasi hicho. Tatu hujulikana, moja hutafutwa. Zidisha zile mbili zinazojulikana zilizokabiliana, kisha gawanya kwa ile ya tatu. Vitu 10 vikiuzwa kwa dirham 6, mwenye dirham 4 apata vingapi? Mara 10 kwa 4 ni 40. Gawanya kwa 6, utapata 6 na thuluthi mbili. Na kibarua wa dirham 10 kwa mwezi akifanya kazi siku 6, je? Mara 10 kwa 6 ni 60. Gawanya kwa siku 30, haki yake ni dirham 2, asipunjwe wala asizidishiwe.

Lakini sehemu kubwa, karibu nusu ya kitabu, ni hesabu za wasia na mirathi. Mfano mmoja ni wa mwanamke aliyefariki akaacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu. Pia aliusia mtu wa kando apewe thumuni na subui ya mali yake. Wasia huo ni mafungu 15 katika 56, nao haukuzidi thuluthi, kwa hivyo wapita. Kinachobaki chagawanywa mafungu 20: mume robo, yaani 5; mwana 6; kila binti 3. Basi tukiifanya mali kuwa dirham 1,120, mtu wa kando achukua 300, mume 205, mwana 246 na kila binti 123. Ukijumlisha, hapana hata dirham moja iliyopotea.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini huko Segovia, Uhispania. Wafasiri wa Kilatini waliichukua aljebra, sehemu ya mirathi wakaiacha. Hata jina lake lenyewe, walivyolitamka wao, ndilo lililozaa neno algoriti, yaani zile hatua za hesabu zifuatwazo na kompyuta. Mwaka 1831 Frederic Rosen alikichapisha London kwa Kiarabu na Kiingereza, mirathi ikiwamo.

Huenda ndiyo sababu mtoto wa leo hupewa herufi bila ya watu wake. Nasi tunajua ni nyumba ngapi ndugu wamenuniana juu ya duka la marehemu baba yao, na kumbe hapakuwa na mwizi, ila hakuna aliyeketi na kalamu. Mzazi atakayemsikia mwanawe akilalamikia aljebra na amweleze kuwa ilitungwa ili kibarua alipwe siku zake, na binti wa marehemu apate fungu lake lililo kamili.