Siti binti Saad wa santuri na Siti wa kitabuni

Alipofariki dunia Siti binti Saad mnamo Julai 1950, wapenzi wa nyimbo zake hawakuwa na kitabu cha kumkumbukia. Walikuwa na santuri, na yaliyosalia waliyahifadhi vichwani. Wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, ambao ndio uliomfikisha Siti madarasani, ulichapishwa mwaka wa 1958. Wanafunzi wengi wanaofika chuoni humjua Siti huyo wa kitabuni: mstahimilivu, mkarimu, kielelezo cha tabia njema. Ukiwauliza aliimba nini, huinamisha vichwa.

Alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani ya Unguja, yapata mwaka wa 1880, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo halikuwa la mzaha. Wazazi wake, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria kisiwani humo hadi mwaka wa 1897. Binti alijifunza kufinyanga vyungu, akawa anavibeba hadi mjini kuviuza. Wapo wanaoshikilia kwamba sauti yake ilipata nguvu kwa kunadi vyungu hivyo njiani. Yamkini ni kweli.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini na hatimaye akafanya makao Ng'ambo, mtaa wa watu wa hali ya chini uliotengwa na Mji Mkongwe na mkono wa bahari. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwanamuziki mmoja wa Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoasisiwa mwaka wa 1905, alimfunza uimbaji. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mahasidi hawakukosekana: walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa amevaa kaniki, nguo ya watumwa na mafukara. Naye akawajibu kwa wimbo.

Taarab aliyoikuta mjini ilikuwa ya Kiarabu. Ilipata nguvu katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na iliendelea kuwa burudani ya watukufu ambao wengi wa wasikilizaji wao hawakufahamu maneno yaliyoimbwa. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu pia, na aliimba mbele ya wakubwa. Hata hivyo, kilichompa wapenzi ni Kiswahili, tena Kiswahili cha Ng'ambo, kilichozungumzwa sokoni, kisimani na barazani. Jioni watu walikusanyika nyumbani kwake, yeye na wenzake, akina Subeti bin Ambari, Budda bin Mwendo na Mbaruk Talsam, wakifanya mazoezi. Habari za siku ziliingia mlangoni na kutoka zikiwa nyimbo. Kwa hiyo si haki kumwita Siti mwimbaji tu na kumwita msikilizaji wake shabiki tu, maana walitunga pamoja.

Mwaka wa 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki anayejulikana kumtangulia katika kazi hiyo. Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu na kusikika mbali na Unguja. Hapa mwanaisimu hana budi kutua kidogo. Mwaka huohuo wa 1928, wawakilishi wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa na kuamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo tunaufundisha kila mwaka, pamoja na malalamiko ya wapenzi wa Kimvita, ambayo mimi binafsi siyapuuzi. Aghalabu tunasahau kwamba, ilhali maofisa walikuwa wakijadiliana juu ya tahajia na kamusi, mwanamke asiyejua kusoma alikuwa akikipeleka Kiunguja kilicho hai katika nyumba ambazo vitabu vyao havingefika kwa miaka mingi.

Kiunguja hicho hakikuwa cha adabu wakati wote. Kimo ndani yake kicheko cha ngono, kimo kilio cha maskini, na imo mahakama. Wimbo wa Kijiti ndio mfano ulio dhahiri. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mja mzito, aliyeuawa na mwanamume baada ya kwenda naye ngomani. Muuaji alitorokea bara. Wanawake waliofika mbele ya hakimu kutoa ushahidi wakaishia wao kuadhibiwa, kwa sababu ya pombe ya ngoma hiyo. Ni vigumu kuupata ukali huo katika wasifu tunaousomesha. Simlaumu Shaaban Robert. Yeye alitaka kuwapa vijana mfano wa kuigwa, na lugha yake haina mshindani. Lawama ni yetu tunaosahihisha mitihani inayouliza sifa tano za mhusika na kuishia hapo.

Mwanahistoria Mmarekani Laura Fair, aliyetoa kitabu chake juu ya Unguja mwaka wa 2001, aliwahi kuketi na wazee wa Ng'ambo waliozisikia nyimbo hizo ujanani mwao. Wazee hao waliweza kumfafanulia nani alikuwa nani katika wimbo, alikosa nini, na kwa nini watu walicheka au walinyamaza. Kwenye santuri maelezo hayo hayamo. Bi Kidude, aliyejinasibu kuwa mfuasi wa Siti na kuziimba nyimbo zake hadi uzeeni, alifariki mwaka wa 2013, na waliokuwa watu wazima Siti alipozikwa karibu wote wamekwisha kumfuata.