Olave Baden-Powell: mama wa Guides aliyeomba peni moja kwa kila msichana

Kila tarehe 22 ya mwezi wa pili, wasichana wa Guides katika inchi mingi za dunia wanafunga fulari shingoni, wanapiga mstari, wanatoa salamu ya vidole vitatu. Ni sikukuu yao. Ukiuliza mwenye sikukuu ile ni nani, wengi watasema ni Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti. Ni kweli, juu alizaliwa tarehe hiyo mwaka wa 1857. Lakini bibi yake pia alizaliwa tarehe hiyo hiyo, mwaka wa 1889, na kwa upande wa wasichana huyu mama njo alibeba mzigo. Jina lake ni Olave. Kaburi lake haliko mbali sana na sisi: liko Nyeri, katikati ya Kenya, chini ya mlima.

Olave Soames alizaliwa karibu na Chesterfield, Uingereza, katika familia yenye mali. Baba yake alipata utajiri katika kazi ya kutengeneza pombe. Walihamahama kutoka nyumba moja kubwa mpaka ingine, na Olave alikuwa anacheza tenisi, anapiga fidla, anapanda farasi. Shule ya kweli hakuisoma. Alifundishwa paka nyumbani, na alipofika miaka 12 masomo yakaisha. Hii inashangaza kidogo kwa mtu ambaye kisha alikuja kuongoza mamilioni ya wasichana: hakuwa na diploma hata moja. Alikuwa na afya, feza za baba, na siku ndefu bila kazi. Wasichana wa matajiri wa wakati ule walikuwa wanangoja bwana tu.

Bwana alipatikana juu ya maji. Mwezi wa kwanza wa 1912, Olave na baba yake walipanda meli ya Arcadian kwa safari ndefu. Ndani ya meli alikuwamo Robert Baden-Powell, jenerali aliyekwisha kujulikana sana, mwenye miaka 54. Yeye Olave alikuwa na 22. Umri wa baba na mtoto, kila mtu aliona hivyo, na hata wao walificha uchumba kwa muda. Tarehe 30 mwezi wa 10 wa mwaka ule walioana kimya kimya, bila karamu kubwa.

Maskauti wa Uingereza walitaka kuwapa zawadi ya ndoa. Kila mtoto alitoa peni moja, sarafu ndogo kabisa, na zile peni zikajumlishwa mpaka zikanunua motokari. Jambo hili lishikwe vizuri, juu miaka 20 nyuma yake linarudi tena.

Wakati huo wasichana walikuwa wamekwisha kuanza. Mwaka wa 1909, kwenye mkutano mkubwa wa maskauti huko London, wasichana wengine walijitokeza wenyewe, bila kualikwa, wakisema wao pia ni maskauti. Baden-Powell hakujua awafanye nini. Mwaka uliofuata kikaundwa chama chao, Girl Guides, akakikabizi kwa dada yake Agnes. Mama Agnes alikuwa mwenye elimu na heshima, lakini chama kilisongamana mikononi mwa mabibi wakubwa wa London na hakikuwa kinakimbia.

Olave aliomba kuingia katika uongozi mwaka wa 1914. Wakamkatalia. Walimwona bado mtoto, bibi ya mkubwa anayetaka cheo. Hakugombana nao. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, alimwacha mtoto wake mchanga kwa mama yake, akavuka bahari kwenda Ufaransa, Calais, kuwahudumia askari katika kibanda cha kupumzikia: chai, barua, mazungumzo. Watu wengine walimlaumu kwa kuacha mtoto, na hata leo mama mmoja angefanya hivyo, mtaa mzima ungesema. Lakini kule Calais njo alijifunza kazi isiyo ya kupokea wageni sebuleni.

Aliporudi hakuanzia juu. Mwaka wa 1916 alipewa jimbo moja tu la kusimamia, Sussex. Akalizunguka eneo kwa eneo, akitafuta katika kila mahali mwanamke mmoja wa kuaminiwa, anamwachia kazi, anapita mbele. Barua alizokuwa anaandika hazihesabiki. Kiisha miezi michache Sussex ilikuwa na viongozi kila upande, na wale waliomkataa wakaona. Kabla mwaka ule haujaisha akafanywa kiongozi wa inchi nzima, na 1918 akapewa jina la Chief Guide, mkubwa wa Guides wote. Mwaka wa 1930 jina likapanuliwa: mkubwa wa Guides wa dunia.

Nyumbani napo hapakuwa pepesi. Alikuwa na watoto wake watatu, Peter, Heather na Betty. Mwaka wa 1919 dada yake Auriol akafariki, akaacha mabinti watatu, na Olave akawachukua kuwalea pamoja na wake. Huku kwetu mtu hangeona ajabu, mtoto wa dada ni mtoto wako. Kule kwa Waingereza wa tabaka lile ilihesabiwa tendo kubwa.

Kazi ya wasichana ilihitaji feza. Matajiri walitoa, na wanastahili kutajwa. Huko Marekani, uwanja wa mafunzo karibu na New York ulipewa jina la Edith Macy, bibi aliyesimamia Girl Scouts wa kule. Bwana yake alitoa mahali pale kwa ukumbusho wake. Mama mwingine Mmarekani, Helen Storrow wa Boston, alilipia nyumba kubwa kwenye milima ya Uswisi, Our Chalet, iliyofunguliwa 1932 ili wasichana wa inchi zote wapate mahali pa kukutana. Zawadi kama hizi hazitokei kila siku.

Lakini mwaka ule ule wa 1932, kwenye mkutano wa dunia nzima uliofanyika Poland, likatoka wazo lingine. Tangu 1926 Guides walikuwa wanakumbukana tarehe 22 mwezi wa pili, siku ya kuzaliwa ya mzee na bibi yake, kila mmoja akiwawaza wenzake wa inchi zingine. Mjumbe mmoja wa Ubelgiji akasema: siku ya kuzaliwa huwa na zawadi, kwa nini wasichana wasitoe zawadi pia? Olave akaandika barua kwa Guides wote, akiomba kila mmoja atoe peni moja, kusudi kundi la dunia lipate nguvu na lifike kwa wasichana ambao halijawafikia.

Mtu anaweza kucheka: peni moja ni nini? Katika vijiji vinavyozunguka migodi ya Haut-Katanga, kama upande wa Kinsevere, kaskazini ya Lubumbashi, hesabu ya msaada inaanzia mbali zaidi. Sheria ya madini ya 2018 inadai kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na watu wanajadili madarasa, visima, barabara. Kati ya mambo mazito kama hayo, si rahisi kundi la wasichana wanaokutana siku ya posho chini ya mwembe lionekane. Olave aliwajua matajiri vizuri kuliko watu wengi, alizaliwa kati yao, hakuona haya kuwaomba. Hata hivyo, hazina ya siku ile aliiweka kwenye mikono ya wasichana wenyewe. Tajiri akichoka, akifa, au bei ya shaba ikianguka, zawadi inakatika. Peni ya msichana inategemea msichana mwenyewe. Mfuko ule unachangiwa mpaka leo, kiisha miaka zaidi ya 90.

Si yote yalikuwa mazuri. Wakati wa koloni, Guides walifuata mara mingi mipaka ya rangi iliyowekwa na Wazungu. Afrika ya Kusini, wasichana weusi hawakupokelewa katika Guides. Walifanyiwa kundi lao la pembeni, Wayfarers, na ni mwaka wa 1936 tu njo kundi lile lilikubaliwa kuungana na chama. Hata hapo walibaki na tawi lao. Olave alikuwa mkubwa wa dunia miaka ile yote. Anayemsifu leo abebe na hili pia.

Afrika ilimvuta mwenyewe. Binti yake Betty aliolewa 1936 na Gervas Clay, aliyekuwa mtumishi wa serkali ya Waingereza huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, jirani yetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa. Naye mzee Baden-Powell moyo wake ulikuwa umechoka, akatafuta hewa nzuri. Mwezi wa 10 wa 1938 wakaingia katika nyumba ndogo waliyojengewa Nyeri, kwenye bustani ya hoteli Outspan ya rafiki yao Eric Sherbrooke Walker. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax, amani. Hii wakaiita Paxtu. Kwa Kiingereza inasikika kama Pax ya pili, lakini sikio la Mswahili linasikia pia: amani tu.

Mzee alifariki pale tarehe 8 mwezi wa kwanza 1941, akazikwa Nyeri, uso kwa Mlima Kenya. Olave alikuwa na miaka 51, vita inaunguza dunia, watoto wametawanyika. Mwaka wa 1942 akapanda meli kurudi Uingereza, katika bahari iliyojaa nyambizi za Wajerumani. Nyumba yake ilikuwa mikononi mwa askari, hakuwa na pa kulala. Mfalme akampa vyumba katika jumba la zamani la Hampton Court.

Kutoka hapo njo alianza safari ambazo zilimfanya ajulikane na watu wa kila rangi. Zaidi ya miaka 20 alikuwa hatulii, ndege, treni, gari, inchi kwa inchi, akikaa chini na wasichana na kuwasikiliza. Mwaka wa 1962 alimpoteza Peter, mtoto wake mmoja mwanaume, na hata hapo hakusimama. Mwaka wa 1966, akiwa na miaka 77, alikuwa Pune, India, akifungua Sangam, nyumba ya dunia ya wasichana iliyo upande wa Asia. Ugonjwa wa sukari njo ulimfunga miguu: kuanzia 1970 daktari alimkataza kusafiri. Akabaki na kalamu, anajibu barua.

Alifariki Uingereza tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka wa 1977, na miaka 88. Majivu yake yaliletwa Nyeri, yakawekwa katika kaburi la bwana yake. Juu ya jiwe kuna alama ya duara yenye nukta katikati, ile ambayo maskauti na Guides wanaichora njiani ili mwenye kufuata nyuma ajue kwamba mwenzake amemaliza safari, amerudi nyumbani.