Condorcet, mutu aliyeuliza namna ya kuhesabu kura

Katika AVEC, koperative na kamati za wazazi, sisi wote tunajua kupiga kura. Kisha tunauliza nani ameshinda. Mutu mumoja wa Ufaransa, aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita, aliuliza swali ingine: tunahesabu kwa njia gani? Juu njia ikibadilika, mushindi naye anaweza kubadilika, hata kama hakuna mutu aliyebadilisha mawazo.

Mutu huyo ni Condorcet. Alizaliwa tarehe 17 septemba 1743 kule Ribemont, kaskazini ya Ufaransa. Baba yake, askari, alimuacha angali mutoto muchanga. Alisoma kwa mapadri Wayezuiti katika muji wa Reims, kisha Paris. Alikuwa fundi wa hesabu: mwaka 1769, akiwa na miaka 25, aliingia katika Akademia ya Sayansi, na mwaka 1776 akawa sekretere wake wa kudumu.

Mwenzake wa Akademia, Jean-Charles de Borda, afisa wa majini, alikuwa ameonyesha kwamba mwenye kupata kura nyingi anaweza kuwa yule ambaye wengi hawamutaki. Condorcet aliendelea na jambo hilo, na mwaka 1785 akatoa kitabu kikubwa cha hesabu za kura.

Tuchukue mufano. Watu 21 wa koperative wako na feza za kazi moja tu: mashine ya kusaga, mabati ya depo, ao maji. Watu 8 wanaweka mashine mbele. Kati yao 7 wanaweka maji nafasi ya pili, na 1 mabati. Watu 7 wanaweka mabati mbele, maji ya pili. Watu 6 wanaweka maji mbele, mabati ya pili.

Kwa kura ya mara moja, mashine inashinda: 8, mabati 7, maji 6. Lakini watu 13 waliiweka mwisho! Kwa duru mbili, maji inatoka, wale 6 wanaenda kwa mabati, na mabati inashinda 13 kwa 8. Condorcet yeye alitaka tulinganishe mbili-mbili. Maji inapiga mashine 13 kwa 8, na inapiga mabati vilevile 13 kwa 8. Ile iliyokuwa ya mwisho njo wengi wanaipenda kuliko kila moja ya zingine.

Aliona pia kwamba njia yake inaweza kukwama: mara zingine ya kwanza inapiga ya pili, ya pili inapiga ya tatu, na ya tatu inapiga ya kwanza.

Kwetu Kongo jambo hili haliko mbali. Mwaka 2006 tulichagua rais kwa duru mbili. Januari 2011 Katiba ilibadilishwa, ikabaki duru moja, na mutu anaweza kuwa rais bila kufikisha nusu ya kura.

Condorcet hakuishia kwenye hesabu. Mwaka 1781 aliandika kupinga utumwa wa Weusi, na mwaka 1790 akatetea haki ya wanawake kupiga kura. Wakati wa Mapinduzi alichaguliwa mubunge. Januari 1793, mufalme Louis XVI alipohukumiwa, Condorcet alimuona na kosa lakini alikataa auawe. Mwezi wa pili alileta mupango wa Katiba wenye kueleza kwa urefu namna ya kuchagua. Ulikataliwa. Wapinzani wake wakapitisha ya kwao. Akaikosoa, na mwezi wa saba wakaamuru akamatwe.

Alijificha Paris miezi mingi katika nyumba ya mujane, Madame Vernet. Machi 1794 alitoka ili asimuponze huyo mama. Akakamatwa kule Clamart, na muda mufupi nyuma wakamukuta amekufa ndani ya gereza la Bourg-la-Reine. Alikuwa na miaka 50. Mwaka 1989 Ufaransa ilimupa heshima ya Panthéon, lakini sanduku lake ni tupu: mwili haukupatikana.

Kwa vikundi vyetu anaacha somo moja: kabla ya kugawa karatasi, tukubaliane kwanza namna ya kuhesabu. Matokeo yakishatoka, kubadilisha kipimo ni kuita vita.